Nimesaini karatasi ya "malipo ya mwisho" baada ya lori la jeshi kumgonga mdogo wangu, je fidia ndo imeishia hapo?

Swali la dada mmoja wa Igoma, Mwanza, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo wakili. Mdogo wangu ni bodaboda hapa Igoma. Miezi mitano iliyopita aligongwa na lori la jeshi barabara ya Musoma, alikuwa amebeba abiria, mama mmoja muuza dagaa. Yule mama alifariki palepale. Mdogo wangu alivunjika paja na mguu wa chini, akalazwa Bugando na mpaka leo anatembelea magongo. Siku ya pili walikuja maafisa wawili wodini, wakatupa pole ya shilingi milioni moja na karatasi ya kusaini, nikasaini mimi maana yeye alikuwa chumba cha upasuaji. Baadae tulivyoisoma vizuri tukakuta imeandikwa tumepokea malipo ya mwisho na hatutadai tena kitu chochote. Mtaani wanasema jeshi halishitakiwi, na tena umeshasaini, acheni. Kweli ndo basi?"

Marahaba dada, poleni sana kwa yaliyowakuta, na mpe pole mgonjwa. Nianze na jibu lenyewe ili usiendelee kukosa usingizi: sio basi. Serikali inashitakika kwa uzembe wa dereva wake, awe mwanajeshi au raia, na ile saini yako haijafunga haki ya mdogo wako. Ila kuna utaratibu wake, na huo utaratibu ndo unaowaangusha watu wengi wenye haki kabisa, kwahiyo nivumilie nieleze kirefu.

Tuanze na karatasi maana ndo inayokuumiza. Mdogo wako ni mtu mzima, ana akili zake timamu, hakukutuma ukamsainie. Kwenye sheria ya mikataba (Sura ya 345) mtu hawezi kufungwa na makubaliano yaliyofanywa na mwenzake kwa niaba yake kama hakumpa mamlaka hayo, hata kama huyo mwenzake ni dada yake wa tumbo moja na ndo anayemuuguza. Wewe ulikuwa ndugu wa mgonjwa wodini, hukuwa wakala wake. Halafu angalia na mazingira yenyewe, mgonjwa yuko chini ya usingizi wa dawa, familia inatafuta hela ya damu na vyuma, wanakuja watu wenye sare na bahasha, hakuna aliyekusomea, hakuna aliyekwambia nenda kaulize kwanza. Sheria hiyohiyo inasema makubaliano ambayo ridhaa yake ilipatikana kwa shinikizo au kwa kutumia udhaifu wa mtu yanaweza kutenguliwa na aliyeonewa. Sisemi hao maafisa walikuwa na nia mbaya, inawezekana kabisa walitumwa wapeleke pole na karatasi wakapewa ilivyo, lakini nia yao haibadilishi kitu kwenye hoja hii.

Kuna hatari moja hapo ambayo lazima muikimbie. Mtu ambaye hakutoa mamlaka anaweza baadae akayakubali makubaliano, kwa maneno au kwa matendo, na akiyakubali yanamfunga kama vile aliyasaini yeye. Kwahiyo mdogo wako akikaa kimya mwaka mzima huku anajua ile karatasi imeandikwa nini, wakili wa serikali atasimama aseme huyu jamaa aliridhika. Dawa yake ni barua. Aandike yeye mwenyewe kwa jina lake na saini yake (kama mkono unasumbua, dole gumba mbele ya shahidi), kwenda kwa mkuu wa kikosi kile kilicholeta hela, nakala kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Maneno yasiwe mengi: kwamba tarehe fulani akiwa chumba cha upasuaji dada yake alipokea shilingi milioni moja, kwamba yeye hakumtuma mtu kusaini makubaliano yoyote, kwamba anaishukuru hiyo hela na anaihesabu kama msaada wa matibabu, na kwamba haki yake ya kudai fidia kamili ipo palepale. Hamna haja ya kurudisha hela. Siku ya hukumu itakatwa kwenye kile atakachopewa, basi.

Na kwa yeyote mwingine anayesoma hapa, rambirambi pokea. Hakuna sheria inayosema ukipokea mkono wa pole umeuza haki yako. Kinachouza haki ni maneno yaliyoandikwa juu ya saini yako. Ukiletewa karatasi soma kila mstari, ukiona "malipo ya mwisho" au "sitadai tena" chukua kalamu ukate hayo maneno, uandike pembeni "nimepokea kama msaada, sio fidia", ndo usaini, na piga picha karatasi kabla haijaondoka mkononi mwako. Wakikataa, wewe pia kataa kusaini.

Sasa hilo la mtaani kwamba jeshi halishitakiwi. Wazee wanaosema hivo hawajalitoa hewani, lina historia. Sheria ya mashauri dhidi ya serikali, kwa sasa ni Sura ya 5, ilitungwa 1967 na toka mwanzo ilikubali kwamba serikali inawajibika kwa makosa ya watumishi wake kama vile mtu binafsi anavyowajibika. Lakini 1974 yakaingizwa mabadiliko kwamba huwezi kuishitaki serikali mpaka upewe kibali, na anayetoa kibali ni serikali hiyohiyo. Ukiomba ukanyimwa, au ukaomba ukajibiwa kimya, habari yako imeishia hapo. Watu wa miaka hiyo wameishi na hilo karibu miaka 20, ndo maana kwenye vichwa vya wengi serikali haishitakiki, jeshi ndo kabisa.

Kilichobadilisha ni kesi ya Kukutia Ole Pumbun na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Mahakama ya Rufani mwaka 1993 ilisema kile kifungu cha kibali kinapingana na Katiba, kwasababu kinamnyima mtu haki ya kufika mahakamani na tena kinamfanya mdaiwa awe ndo anayeamua kama ashitakiwe au asishitakiwe. Mwaka uliofuata, 1994, Bunge likabadili sheria, kibali kikaondoka, ikaja notisi ya siku 90. Huyo Ole Pumbun binafsi namheshimu sana, maana kila mwananchi anayeidai serikali leo anapita kwenye mlango uliofunguliwa na kesi yake. Kwahiyo ukiambiwa tena jeshi halishitakiwi, jibu ni kwamba hilo lilikuwa karibu na ukweli zamani, toka 1994 sio kweli.

Ila mlango una masharti, na hapa naomba usome polepole.

La kwanza ni hiyo notisi. Kabla hujafungua kesi unatakiwa uipe serikali notisi isiyopungua siku 90 ya kusudio la kushitaki, ukieleza msingi wa madai yako, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Kwenye ajali yenu notisi inaenda kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi na JKT, Dodoma. Kuipeleka kambini peke yake haitoshi, kumpa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) haitoshi, kumpelekea mkuu wa wilaya haitoshi. Ndani yake weka tarehe, saa, mahali pa ajali, namba ya gari (za jeshi zina herufi JW katikati ya namba), dereva alikosea nini, majeraha, na kiasi mnachodai. Halafu ithibitishe imefika. Itume kwa EMS ya posta utunze risiti, au mtu aipeleke kwa mkono igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nimeona mashauri mazuri kabisa yanatupwa kwasababu mdai anaapa alituma notisi ila hana kipande cha karatasi cha kuonyesha.

La pili, mahakama. Kesi dhidi ya serikali inafunguliwa Mahakama Kuu tu, hata kama unadai hela ndogo. Kwa ajali iliyotokea huku, ni Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza. Watu wanakwenda mahakama ya wilaya kwasababu ndo iko karibu au kwasababu mtu wa kuandika maombi pale nje kawaambia, wanapoteza mwaka mzima afu pingamizi linakuja kesi inafutwa, na muda haukuwasubiri.

La tatu, nani anashitakiwa. Toka mabadiliko ya 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kila kesi dhidi ya serikali, ukimuacha kesi nzima inaharibika. Kwahiyo wadaiwa wenu wanakuwa Katibu Mkuu wa wizara na Mwanasheria Mkuu, na dereva mwenyewe mnaweza kumuweka pia. Upande wa pili atakayesimama mahakamani kwa kawaida ni mawakili wa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ofisi iliyoanzishwa 2018 kwa kazi hiyo ya kuitetea serikali kwenye madai. Wanajua kazi yao, na pingamizi lao la kwanza karibu siku zote ni notisi, mahakama, au muda.

Muda ndo la nne. Tanzania madai ya namna hii yana miaka 3 toka siku ya ajali. Nyie mko mwezi wa tano, bado mna nafasi, ila msiitumie yote, notisi peke yake inakula miezi 3, na faili la hospitali nalo lina muda wake. Na niwaonye watu wa huku ziwani maana tuna ndugu pande zote: kila nchi inayopakana na hili ziwa ina saa yake. Ukigongwa na gari la serikali Kisumu au Homa Bay, Kenya wanakupa miezi 12 tu kwa madai ya aina hii. Ukigongwa Entebbe au Jinja, Uganda ni miaka 2. Kuna kijana alikaa akitegemea miaka 3 ya Tanzania wakati ajali yake ilitokea ng'ambo ya Sirari, alivyokuja ofisini sikuwa na la kumsaidia, na mkono wake wa kulia haufanyi kazi mpaka leo. Sheria inayohesabu muda ni ya pale ajali ilipotokea na kesi inapofunguliwa, sio ya pale ulipozaliwa.

Aliyegongwa akiwa mtoto, muda hauanzi kuhesabiwa mpaka atimize miaka 18, ingawa mzazi anaweza kufungua kesi kwa niaba yake hata kesho na ni bora afungue maana mashahidi wanahama na wanasahau. Kuna pia kipengele kinachompa waziri wa sheria uwezo wa kuongeza muda ulioisha, kwa kiwango kisichozidi nusu ya ule wa kawaida, lakini hicho ni cha kuombea ukiwa umezama, usipange safari nacho.

Sasa ushahidi, na hapa ndo kesi yenu itashinda au kushindwa. Serikali hailipi kwasababu gari lilikuwa la jeshi, inalipa kwasababu dereva alikuwa mzembe na alikuwa kazini. Hayo mawili mnatakiwa kuyathibitisha nyie. La kazini kwa lori la jeshi lenye wanajeshi au mizigo sio gumu sana, japo wanaweza kusema dereva alilichukua kwenda kwenye mambo yake, ndo maana mtaomba mahakama iamuru kitabu cha safari cha gari kiletwe. Kama ingekuwa mwanajeshi na gari lake binafsi, siku yake ya mapumziko, hiyo ingekuwa kesi nyingine kabisa, unamdai yeye na kampuni ya bima ya gari lake, serikali haimo.

La uzembe linataka karatasi za polisi. Wakati mwingine ajali ya gari la jeshi wanafika MP, yani polisi wa jeshi, wanapima, wanaondoa gari, na familia inadhani basi limeshughulikiwa huko. Hapana, hakikisha trafiki wa kiraia waliandika. Nendeni kituo kilichoshughulikia ajali muombe namba ya jalada, mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, na zile fomu za polisi PF90, PF93 na PF115 ambazo hata kampuni za bima huwa zinaziomba, pamoja na ile PF3 mliyoenda nayo hospitali. Ule mchoro uangalieni kwa macho yenu. Angalia alama ya X ya mahali pa kugongana imewekwa upande gani wa barabara, angalia vipimo vya alama za breki, kisha nenda na mtu aliyekuwepo mpaka pale pale mlinganishe. Kama mchoro unaonyesha boda ilikuwa katikati ya barabara wakati mama muuza mahindi aliyekaa pembeni anasema lori ndo lilihama kukwepa daladala lililosimama, huyo mama wa mahindi ana thamani kuliko mimi wakili wenu. Chukueni namba yake leo, jina lake kamili na anapoishi, sio mwezi ujao. Picha pia, waliopiga na simu siku ile watumiwe ujumbe wazitafute kabla simu hazijaibiwa au kufutwa. Ila msiende kupiga picha kambini au getini, hayo ni maeneo yaliyokatazwa na mtajitafutia kesi nyingine.

Kama dereva alishitakiwa, fuatilieni. Hukumu ya jinai ikimtia hatiani na muda wa rufaa ukaisha, sheria ya ushahidi inaifanya kuwa ushahidi wa mwisho kwamba alitenda kosa hilo, na hapo kazi yenu inakuwa imepungua nusu. Akiachiwa huru, au kama mambo yake yalimalizwa kijeshi na nyie hamkuambiwa kitu, bado kesi ya madai inasimama yenyewe maana kipimo chake ni kidogo, mahakama inauliza upande upi una uzito zaidi, haitafuti kutoacha shaka.

Watamrudishia mdogo wako lawama, jiandaeni. Alikuwa na leseni? Alivaa helmeti? Alibeba mshikaki au abiria mmoja? Kama kuna kosa upande wake fidia inapunguzwa kulingana na mchango wake kwenye ajali au kwenye majeraha, haifutwi. Kwahiyo msidanganye, mkikamatwa na uongo mmoja mdogo kuhusu helmeti jaji ataanza kuyatilia shaka na yale ya kweli.

Kuhusu kiasi, watu wanakuja na namba moja kubwa, "tunadai milioni 300", bila kuichambua, na hapo wanajiumiza. Mahakama inagawa mafungu mawili. Kuna hasara halisi, yani ile unayoweza kuihesabu kwa shilingi, na hiyo lazima uitaje kila kitu kwa jina na uithibitishe kabisa, Mahakama ya Rufani ilishasema hivo kwenye Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe ya 1992 na inarudiwa mpaka leo. Risiti za Bugando, vyuma vya mguuni, dawa zilizonunuliwa duka la nje, magongo, bajaji za kwenda kliniki na kurudi Igoma, hata zile nauli wekeni kwenye daftari kwa tarehe na dereva asaini. Kipato kilichopotea nacho kimo humo. Tufanye alikuwa anabaki na 15,000 kwa siku baada ya mafuta na hesabu ya bosi, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 390,000, kwa miezi mitano ni 1,950,000, na bado hajapona. Ona ile milioni moja inafunika kama nusu tu ya hiyo. Mtaithibitishaje? Steitimenti ya M-Pesa au Airtel Money, lile daftari la bosi la kupokea hesabu, barua ya mwenyekiti wa kijiwe, uanachama wake wa umoja wa bodaboda. Na pikipiki je, ilikuwa ya bosi au ya mkataba? Kama ni ya mkataba na hajamaliza kulipa, hasara ya pikipiki ni ya wote wawili kwa viwango tofauti, basi bosi naye ajumuishwe kwenye notisi, vinginevyo atakuja kumdai mdogo wako pikipiki ambayo nyie hamkuidai popote.

Fungu la pili ni fidia ya jumla, maumivu, ulemavu, maisha aliyoyapoteza. Hii jaji anaikadiria mwenyewe, risiti haina. Lakini anakadiria kwa kuangalia kitu, na hicho kitu ni ripoti ya daktari inayosema ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi, mguu umefupika kwa kiasi gani, ataweza kuendesha tena au hataweza. Msiichukue sasa hivi wakati mfupa haujaunga, subirini daktari wa mifupa aseme amefikia mwisho wa kupona, ila notisi msiisubirishe hiyo ripoti.

Jambo la bima nalieleza haraka. Gari za serikali haziko kwenye ule ulazima wa bima ya mtu wa tatu unaozibana daladala na boda, kwahiyo msizunguke kutafuta kampuni ya bima ya lile lori, mnayemdai ni serikali yenyewe. Pia kuna njia ya kiutawala, yani serikali kuamua kulipa bila kesi. Mabomu ya Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011, ambayo yalitoka maghala ya jeshi, waathirika walifanyiwa tathmini na kulipwa nje ya mahakama, wengi walilalamika ni kidogo na imechelewa, lakini ililipwa. Kwa ajali ya gari moja hiyo njia mara nyingi inafunguka baada ya notisi nzuri kufika mezani Dodoma, mnaitwa kuzungumza ndani ya zile siku 90. Mkiitwa nendeni, na wakili au msaidizi wa kisheria. Mkielewana yaandikwe, na kama kesi imeshafunguliwa yasajiliwe mahakamani yawe na nguvu ya hukumu. Wakati mnazungumza miaka 3 inaendelea kukatika, mazungumzo hayaisimamishi.

Na mkishinda, mjue hakuna dalali wa mahakama atakayeenda kukamata lori la jeshi. Mali ya serikali haikamatwi kwa hukumu. Kinachofanyika mnaomba hati maalum mahakamani inayoonyesha kiasi mnachodai, inapelekwa serikalini, na mlipaji anatakiwa kulipa kwa mujibu wa hiyo hati. Inachukua muda na inataka kufuatilia kwa barua. Nasema hili mapema kwasababu kuna familia zinakopa kwa riba zikitegemea hela ya kesi, tafadhali msifanye hivo.

Gharama najua ndo swali linalofuata. Kuna sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 na wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa mpaka ngazi ya wilaya, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa Nyamagana awaelekeze kwa aliye karibu, na chama cha mawakili, TLS, kina wanachama wake Mwanza wanaochukua kesi za bure. Ada ya kufungua kesi nayo, mtu asiye na uwezo anaweza kuomba mahakama imruhusu ashitaki kama maskini, ipo kwenye sheria ya mwenendo wa madai, amri ya 33. Wakili akikwambia tugawane nusu kwa nusu tutakachopata, ondoka hapo.

Mwisho ni yule mama wa dagaa, hujaniuliza lakini siwezi kumruka. Familia yake ina madai yao wenyewe, tofauti na ya kwenu, na inawezekana hawajui. Mume, watoto na wazazi wa marehemu wanaweza kudai kwa sheria ya ajali za vifo, Sura ya 310, kile walichokuwa wanategemea kutoka kwake, na mama muuza dagaa anayesomesha watoto alikuwa anategemewa kweli. Wao wanahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, kikao cha ukoo, kisha msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakama ya mwanzo, na yeye ndo anatoa notisi. Abiria hana kosa la dereva, kwahiyo hata ikionekana mdogo wako alichangia ajali, wao wanaweza kudai pande zote mbili, ikiwemo bima ya boda kama ilikuwepo. Hilo linaweza kukuogopesha, kwamba utawaamsha wakudai nyie. Najua. Lakini ushahidi wao na wenu ni mmoja, mashahidi ni walewale, na mawakili wa serikali watapata shida zaidi mbele ya familia mbili zinazosema kitu kimoja kuliko mbele ya moja. Muda wao nao ni miaka 3 kama wenu, na miezi mitano imeshapita kwao pia, wakati mirathi peke yake huwa inaweza kula miezi. Watafuteni wiki hii, uliza soko la samaki Kirumba kwa wenzake waliokuwa wanachukua nae mzigo.

Ukija kuonana na wakili beba PF3, namba ya jalada la polisi, nakala ya ile karatasi uliyosaini (kama hukupewa nakala andika barua kuiomba, na utunze barua yenye muhuri), kadi ya kliniki, risiti zote hata zilizochanika, leseni ya mdogo wako, kadi au mkataba wa pikipiki, na majina ya mashahidi watatu hivi. Kadi ya kliniki usimuachie mtu, toa fotokopi.